Kujua namba ya siri ya mama si mamlaka

Kila inapozuka habari ya mzee aliyepelekwa kwenye makao ya wazee ya kulipia, mjadala wa mitandaoni hauchukui hata nusu saa kufika pale pale. Kundi moja linasema tumeiga Uzungu na kuwatupa waliotuzaa. Kundi jingine linauliza: katika nyumba ya vyumba viwili, ambayo wenyewe wanaondoka alfajiri na kurudi usiku, utamwacha na nani mama aliyepooza upande mmoja, ambaye jana alifungua gesi akasahau kuwasha kiberiti? Pande zote mbili zina uchungu wa kweli. Lakini zinabishania kitanda wakati swali liko kwenye pochi.

Hoja yangu ni hii. Makao ya kulipia yanayochipuka kuzunguka Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam yamefichua pengo la kisheria ambalo maisha ya kijijini yaliweza kulifunika. Kijijini, mzee akipoteza akili, mwana mkubwa aliuza ng'ombe, mahindi yakatoka ghalani, na jirani akaleta maziwa; hakuna aliyeombwa saini. Makao yanadai mkataba, ankara ya kila mwezi na malipo yanayopitia benki au simu. Ghafla swali ambalo halikuwahi kuulizwa linaulizwa kila tarehe mosi: pesa za mama zinatoka kwa idhini ya nani? Sheria zetu zina jibu zuri kwa mtu aliyekufa. Kwa mtu aliye hai ambaye akili imemtoka, zina jibu finyu, ghali na la kuchelewa, na kwa sababu hiyo zinawasukuma watu waaminifu kwenye uongo.

Nililiona hili kwa shangazi yangu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye pensheni na vyumba vinne vya kupangisha. Alikuwa mwangalifu kuliko wengi wetu: miaka miwili kabla ya kuugua alikwenda kwa wakili akamwandikia binti yake hati ya uwakilishi, yaani ruhusa ya kushughulikia mali kwa niaba yake, ikapigwa mihuri na kusajiliwa. Baada ya kiharusi cha pili akahamia kwenye makao, na binamu akaenda benki na hati yake. Afisa akaisoma yote, akauliza kwa upole, "Mama mwenyewe hali yake ikoje?" Binamu akasema ukweli: hatambui mtu tena. Afisa akaifunga faili. Kwa miezi kumi na moja iliyofuata tulikuwa tukimchangia kwenye kundi la WhatsApp mwanamke ambaye pensheni na kodi zake zilikuwa zinarundikana kwenye akaunti asiyeweza kuifungua mtu yeyote duniani.

Afisa yule hakukosea. Sheria ya uwakala iliyotufikia kutoka Uingereza inamwona wakala kama mkono wa mwenye mali, na mkono hauna uhai wake wenyewe. Kichwa kikinyamaza, nao umekwisha. Kwa hiyo hati ya kawaida ya uwakilishi hufa siku ile mwenye kuitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, hata ikiwa na mihuri saba. Tanzania imeliandika jambo hili waziwazi katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo ilifuata kwa karibu sana sheria ya India ya mwaka 1872: uwakala hukoma mmoja kati ya wawili hao anapokufa au kupoteza akili timamu. Kenya inafika pale pale kwa kupitia kanuni za Kiingereza zilizopokewa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 23. Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe walikwisha kuikimbia kanuni hiyo. Mwaka 1985 walitunga sheria ya hati inayodumu, yaani ile inayoendelea kuwa hai baada ya akili kuondoka, na kwa sheria ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika 2007, wakaipanua hadi kwenye maamuzi ya matibabu na mahali pa kuishi. Sisi bado tumevaa koti ambalo mwenyewe alilivua miaka arobaini iliyopita.

Watu wengi hawajui haya, na mawakili wengi hawawaambii. Hati huandikwa kwa ajili ya siku ya shida, kumbe imetengenezwa kwa ajili ya siku za raha: inafanya kazi vizuri kabisa mama anapokuwa safarini Maka, na inakufa anapokuwa kitandani hajui jina lake.

Njia iliyobaki nchini Kenya ni Mahakama Kuu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, Sura ya 248, inairuhusu mahakama kumteua mlezi wa mtu na msimamizi wa mali yake. Unapeleka ombi, ripoti za madaktari, viapo, na kwa kawaida idhini za ndugu wote. Ukiteuliwa, unatakiwa kuwasilisha orodha ya mali yote ndani ya miezi sita, kisha hesabu kila mwaka, na huwezi kuuza shamba wala kuliweka rehani bila kurudi kwa jaji. Tanzania nayo ina utaratibu wa mahakama kusimamia mali ya mgonjwa chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Nimewasikia watu wakidai kwamba marekebisho ya Kenya ya mwaka 2022 yalimaliza tatizo hili. Hayakulimaliza. Yalibadilisha lugha iliyokuwa ikiwadhalilisha wagonjwa na kuleta dhana ya msaidizi wa mgonjwa, mambo mema na ya lazima, lakini hayakumpa mwalimu mstaafu njia ya kuketi leo, akili zake zikiwa timamu, na kuandika karatasi itakayosimama kesho asipokuwa nazo.

Sina ugomvi na masharti yale ya mahakama. Orodha ya mali, hesabu za mwaka, marufuku ya kuuza shamba: hizo ndizo kinga hasa anazohitaji mtu asiyeweza kujitetea. Ugomvi wangu ni kwamba mlango ni mmoja, uko mjini, una ada ya wakili, na unafunguliwa tu baada ya nyumba kuwaka moto. Kuna jambo jingine ambalo wanasheria hulipuuza. Ili upate ufunguo wa akaunti ya mama, ni lazima uape mbele ya Kamishna wa Viapo kwamba mama ana maradhi ya akili. Sheria inamaanisha kusahau kunakoletwa na uzee, au ubongo ulioharibiwa na kiharusi. Mtaani neno hilo linamaanisha Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nairobi. Nimewaona watoto watu wazima, wenye shahada, wakikataa kutia saini kiapo hicho kwa sababu kwao ni sawa na kumtukana mama mahakamani. Wanachagua njia ya kimya.

Njia ya kimya kila mtu anaijua. Ni tarakimu nne za simu yake, ambazo binti wa tatu alipewa zamani alipokuwa akimtumia mama vocha. Ni kadi ya benki iliyofungwa kwenye leso pamoja na karatasi yenye namba. Na pale mambo yanapokuwa makubwa, kama kuuza kiwanja ili kulipa makao, ni dole gumba: kidau cha wino, mkono wa mtu aliyelala, fomu ya uhamisho wa ardhi, na shahidi anayetazama dirishani. Wengi wanaofanya hivi si wezi. Wengi ni watoto wazuri waliobanwa na ankara. Lakini sheria haiwezi kuwatofautisha na mwizi, kwa sababu wote wawili wameacha alama ile ile ya kidole. Mwizi na mtoto mwema wanapita mlango mmoja wa nyuma, na binamu yangu aliyesema ukweli ndiye pekee aliyefungiwa nje.

Linganisha na tunavyomtendea marehemu. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inafanya kuigusa mali ya maiti bila idhini ya mahakama kuwa kosa la jinai. Chifu ana barua yake ya kuwataja warithi, tangazo lina mahali pa kuchapishwa, ndugu ana njia ya kupinga. Pwani, kwa Waislamu, kadhi anaijua hesabu ya mirathi hadi sehemu ya sita ya nyanya. Lakini Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya imemwekea kadhi mipaka ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na mirathi haianzi mpaka mtu afe. Fiqhi yenyewe, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, haikuliacha jambo hili wazi namna hiyo. Ina mlango mzima juu ya kumzuilia mali asiye na akili ya kuisimamia, na zawadi iliyotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, isivuke theluthi bila ridhaa ya warithi. Na Sura ya Nne ya Kurani, inapokataza kukabidhi mali kwa wasioweza kuitunza, inaamuru papo hapo walishwe kutoka humo, wavikwe, na wasemeshwe kwa wema. Ningependa kuona mpangilio huo katika sheria zetu: matunzo kwanza, urasimu baadaye.

Sasa nisikilize wanaonipinga, maana wapo, na baadhi wana hoja.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopata makofi mengi: kwamba makao ya wazee ni laana, kwa hiyo tukirudi kwenye desturi, swali la pesa litajifuta lenyewe. Halitajifuta. Mama anayetunzwa sebuleni kwa mwanawe anahitaji nepi, dawa za presha, msaidizi wa usiku na tiba ya viungo, na vyote vinanunuliwa. Anaweza kuwa na pensheni, hisa za chama cha ushirika, kodi ya chumba. Anayeamua jinsi ya kuvitumia ni nani, na anamwonyesha nani hesabu? Desturi ilikuwa na jibu kwa ng'ombe. Haikuwa na jibu kwa akaunti ya akiba. Tena si kweli kwamba jambo hili ni geni hapa. Masista wamekuwa wakiwatunza wazee Nairobi kwa miaka mingi, serikali ya Tanzania ina makazi yake ya wazee kama Nunge huko Kigamboni, na Zanzibar ina Sebleni na Welezo. Wengi walioishi humo walikuwa fukara wasio na mtu, na fukara hana akaunti ya kugombaniwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa anayeingia makaoni ni mtu mwenye mali.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kikao cha familia kinatosha. Ndugu wanakaa, wanamchagua mmoja, wanaandika muhtasari, mambo yanaendelea bila jaji wala wakili. Nakubali kwamba hivi ndivyo wazee wengi wanavyotunzwa leo, na wengi wanatunzwa vizuri. Kikao kina nguvu ambayo mahakama haina. Kinamjua kila mtu na madeni yake ya zamani. Lakini nguvu hiyo inaishia mlangoni. Muhtasari wa kikao haufungui akaunti, haumridhishi msajili wa ardhi, wala haumlindi aliyechaguliwa miaka mitano baadaye, wakati ndugu yule yule aliyetikisa kichwa kukubali anaposimama kwenye kesi ya mirathi akidai maelezo ya kila shilingi. Na kikao ni dhaifu hasa pale panapohitajika nguvu, yaani ndugu wanapokuwa hawaelewani.

Hoja ya tatu inatoka kwa watetezi wa haki za watu wenye ulemavu. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2008, na Ibara ya 12 inasisitiza kwamba mtu asaidiwe kuamua badala ya kuamuliwa. Wanaogopa kwamba hati inayodumu itakuwa njia rahisi ya kumfuta mtu angali hai. Woga huo si wa bure. Akili haizimiki kama taa. Kuna mzee ambaye asubuhi anajua kila deni la mpangaji wake na jioni anamuulizia mumewe aliyekufa mwaka 1998. Kumnyang'anya asubuhi zake ni dhuluma. Lakini naona hati inayodumu inasimama upande wao. Amri ya mahakama humteua mtu ambaye jaji amemwona anafaa. Hati humteua mtu ambaye mama mwenyewe alimchagua alipokuwa na akili zake, kwa masharti aliyoyaandika mwenyewe: usiuze nyumba ya Kisauni, uniweke karibu na msikiti, umlipe Zaituni anayenipikia hata kama sijui tena kwamba ananipikia. Hiyo ni sauti ya mama iliyotangulizwa mbele.

Iliyobaki ndiyo hoja nzito, na sitajifanya kwamba nina jibu kamili: wizi. Mpe mtoto karatasi inayodumu, isiyosimamiwa na jaji, na umempa ghala bila mlinzi. Uingereza yenyewe, pamoja na ofisi nzima ya kusajili na kuchunguza, bado inawashitaki watoto waliowafilisi wazazi kwa hati hizo. Jibu langu ni la kulinganisha. Wizi tulionao sasa hauachi karatasi. Namba ya siri haina jina la mtumiaji. Taarifa ya akaunti itasema kwamba mama alitoa pesa, siku ambayo mama hakuweza kuinua kijiko. Hati iliyosajiliwa, ambayo ndugu walijulishwa ilipoanza kutumika, na inayodai hesabu za mwaka, haiwezi kumzuia mwizi aliyedhamiria, lakini inamwondolea giza. Na serikali ya Kenya tayari imekubali kanuni hii pale panapoisumbua kidogo tu. Mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi, unamtambua mlezi wa kupokea kwa niaba ya asiyejiweza. Ni vigumu kueleza kwa nini akili ya serikali inafika shilingi 2,000 na kusimama hapo.

Hapa nataka kutaja watu wawili ambao mijadala hii huwasahau. Wa kwanza ni yule aliyebaki. Karibu kila familia ina binti aliyeacha kazi ili awe karibu na makao, anayefua nguo ambazo makao yamezipotezea rangi, anayegombana na muuguzi wa zamu. Ndugu wa majuu wanatuma dola na wanataka risiti. Yeye anatoa siku zake na hana risiti ya kutoa. Kanuni ya kale ya uwakala inasema wakala asijifaidishe kwa mali aliyokabidhiwa isipokuwa iwe imekubaliwa. Kwa hiyo nauli yake ya bodaboda, ikitoka kwenye pensheni ya mama bila maandishi, inaweza kuitwa wizi siku ya ugomvi. Malipo yake yaandikwe mapema, kwa kiasi na kwa mwezi, bila haya. Haya ndiyo yanayozaa kesi.

Wa pili ni mtia saini. Mkataba wa makao hujazwa siku ya kuhamia, mama akiwa kwenye gari na kila mtu ana haraka. Mahali pa saini, mara nyingi, panamtaka mtoto kama mdhamini, na mdhamini analipa kutoka mfukoni mwake mali ya mama ikiisha au ikifungiwa. Kutia saini kwa niaba ya mama, kwa mali yake, ni jambo tofauti kabisa, lakini huwezi kulifanya kama huna mamlaka ya kisheria. Ndivyo pengo la sheria linavyogeuka kuwa deni la mtu mmoja.

Wenye mali kubwa wamekwisha kupata njia yao. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kenya inatambua amana ya familia: mali inahamishiwa kwa wadhamini wa amana, yaani watu wanaoishika kwa faida ya familia, mama akiwa mzima, na kwa kuwa si yake tena kisheria, ugonjwa wake hausimamishi kitu. Ni njia safi, inayohitaji wakili mzuri na mali inayostahili gharama hiyo. Mwalimu mwenye vyumba vinne hayumo. Ndiyo maana nasema Bunge halihitaji sheria ndefu: kifungu kinachosema hati itadumu ikiwa mwenye kuitoa alitaka idumu, cheti cha daktari siku ya kuitia saini, rejista, taarifa kwa ndugu inapoanza kutumika, na hesabu kila mwaka. Masharti mengi kati ya hayo yamo tayari kwenye Sura ya 248. Yanahitaji kuhamishwa kutoka chumba cha jaji hadi meza ya msajili.

Ombi letu kwa ajili ya shangazi lilipelekwa mahakamani mwezi wa sita. Liliahirishwa mara mbili, ya pili kwa sababu idhini ya kaka mmoja aliye Kanada haikuwa imefika. Shangazi alifariki kabla ya tarehe ya tatu. Wiki iliyofuata mazishi, binamu alikwenda kuuliza kuhusu mirathi. Barua ya chifu ilichukua siku mbili. Fomu zilikuwa na namba zake, P&A 80 na P&A 5, na karani alizitaja bila hata kuinua kichwa.